Jaji Amekukosea? Venye Unapeleka Malalamishi JSC Yasomwe Mpaka Mwisho

Shangazi yangu anaishi Umoja, hapa Nairobi, na ana daftari ya kurasa 96 yenye kava ya bluu, na ndani hakuna kitu kingine ila tarehe. Kila siku aliyoenda kortini kwa kesi yake ya shamba ameandika saa alifika, saa kesi iliitwa, nani alikuja upande wa pili, nini kilisemwa, na mwisho kabisa nauli ya matatu. Kuna ukurasa mmoja una mistari minne inafuatana yote imeandikwa "hukumu haiko tayari", na wa tano unasema "tutaitwa kwa notisi". Hiyo notisi aliingoja miezi kumi na moja.

Barua ya kwanza tuliandika tukiwa na hasira. Kurasa tatu, tukamwita jaji majina yote, tukasema amekula pesa ya upande wa pili ingawa hatukuwa tumeona hata shilingi, tukapeleka JSC, ile tume inayopokea malalamishi juu ya majaji. Tukajibiwa mistari miwili ati barua imepokelewa, alafu kimya. Barua ya pili tuliitoa kwa hiyo daftari, ukurasa mmoja na nusu bila tusi hata moja, na hiyo ndiyo iliyosomwa na mtu. Naandika hii ju tangu hapo watu kadhaa wa mtaa wameniuliza tulifanyaje, na naona wengi wanaanza pale pale tulianza sisi, na hasira, na wengine wanapoteza haki yao ya rufaa wakingoja tume iwajibu.

Hatua ya 1: Jua unalalamikia nani

Watu wengi husema "jaji" kwa kila mtu amekaa pale mbele, lakini kwa sheria yetu ya Kenya jaji ni yule wa Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mahakama ya Ajira, Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu. Yule wa Makadara, Kibera ama ghorofa za hakimu pale Milimani ni hakimu, wa kesi ndogo ndogo ni msuluhishi, na kuna kadhi pia. Wote malalamishi yao yanaweza kufika Tume ya Huduma za Mahakama, ile tunaita JSC, lakini njia si moja. Hakimu, kadhi na msajili JSC inaweza kumwadhibu kwa viwango, kuanzia karipio mpaka kushushwa cheo mpaka kufutwa, chini ya Sheria ya Huduma za Mahakama ya 2011. Jaji ni tofauti kabisa. Kwa jaji Katiba imeandika mlango mmoja tu, wa kumwondoa kazini, kifungu cha 168, na huo mlango ni mzito makusudi ju tukifanya uwe mwepesi basi kila mwenye pesa ama mamlaka akishindwa kesi atamfukuza jaji aliyemshinda.

Na kama shida yako ni karani amekuficha faili, ama umeambiwa faili imepotea, ama umeombwa "ya chai" kwa rejista, hiyo usipeleke kama kesi ya jaji. Kuna Ofisi ya Ombudsman wa Mahakama, ilianzishwa 2011 kwa mambo kama hayo, faili kupotea, kuchelewa, lugha mbaya ya wafanyakazi. Usichanganye na Ombudsman wa serikali, ile Tume ya Haki ya Utawala, ju hao sheria imewazuia kuingilia kesi iko kortini.

Kuna kitu kingine nimeona mara nyingi sana na kinaniuma ju ni makosa yanaenda kwa mtu asiye na hatia. Mtu analia "jaji aliahirisha mara sita", ukisoma kumbukumbu za korti unakuta mara nne kati ya hizo sita ni wakili wake mwenyewe aliomba, ama hakutokea kabisa. Kwa hivyo kabla ya yote soma faili yako mwenyewe. Kama mkosaji ni wakili, kuna Tume ya Malalamishi Dhidi ya Mawakili, peleka huko.

Hatua ya 2: Tenganisha uamuzi mbaya na mwenendo mbaya

Hapa ndio wengi huanguka, na hapa ndio nataka ukae kidogo.

Jaji akikosea sheria, akiamini shahidi ambaye wewe unajua ni mwongo, akikupa fidia kidogo, akikataa kupokea hati yako, hiyo ni kazi ya rufaa. JSC haiwezi kubadilisha hukumu, haiwezi kukurudishia shamba, haiwezi kusimamisha mnada. Hata ikikubali kila neno uliloandika, hukumu itabaki venye ilivyo mpaka korti ya juu iiguse. Nimewahi kukaa na mzee mmoja wa Dandora amebeba petisheni, yaani malalamishi rasmi ya maandishi, ya kurasa arobaini, na kurasa thelathini na nane zote zilikuwa zinapinga hukumu, ati jaji hakuangalia hii risiti, hakuangalia ile ramani. Zile kurasa mbili zingine zilikuwa na kitu kizito kweli, kwamba alimwona jaji akiongea na wakili wa upande wa pili chemba, ofisini mwa jaji, mlango ukiwa umefungwa na yeye na wakili wake wako nje. Lakini hiyo ilikuwa imezikwa ukurasa wa thelathini na tatu. Nani atafika huko?

Katiba imetaja sababu tano za kumwondoa jaji: kushindwa kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa wa mwili ama akili, kuvunja kanuni za maadili za majaji, kufilisika, kutojua kazi, na utovu mkubwa wa nidhamu. Malalamishi yako lazima yaingie kwa moja ya hizo. Kwa lugha ya kawaida mwenendo mbaya ni kama kupokea ama kuitisha hongo, kukutana na upande mmoja kwa siri kuhusu kesi, kusikiza kesi ya ndugu ama mshirika wake wa biashara bila kusema, kumtusi shahidi kwa kabila lake ama dini yake ama ju ni mwanamke, kumtaka mtu kimapenzi ndio kesi yake iende, kuja kazini mlevi, kukaa na hukumu miaka bila sababu.

Na haimaanishi ni lazima iwe ndani ya korti. Mnakumbuka ile ya Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza, tarehe 31 Desemba 2011 pale Village Market, alikosana na mlinzi wa kike aliyetaka kumkagua kama wateja wengine. Hakukuwa na kesi, hakukuwa na faili, ilikuwa ni mlango wa duka na mlinzi anafanya kazi yake. Mlinzi akaandikisha malalamishi, JSC ikaona kuna sababu, jopo la kumchunguza likaundwa likiongozwa na Augustino Ramadhani aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, na Agosti 2012 likapendekeza aondolewe. Akajiuzulu Oktoba mwaka huo. Mimi hiyo kesi huwa nawaambia watu wanaoniambia "mimi ni nani nilalamikie mkubwa".

Upande wa pili kuna ile ya Jaji Martin Muya. Alitoa uamuzi akasema sababu zake atazitoa baadaye, sababu zikachelewa miezi, benki iliyokuwa kwa kesi ikalalamika, jopo likasema aondolewe. Akaenda Mahakama ya Juu na 2022 wakamrudisha, wakasema kuchelewa huko pekee hakufiki kiwango cha kumfukuza jaji. Soma hiyo kabla hujaandika petisheni juu ya kuchelewa peke yake. Sisi tuliisoma, na ndio ikatufanya tubadilishe njia.

Hatua ya 3: Linda rufaa yako kwanza

Malalamishi hayasimamishi saa. Kama hukumu imetoka kwa hakimu na unataka kwenda Mahakama Kuu kwa kesi ya madai una siku 30. Kama imetoka Mahakama Kuu ama ya Ardhi ama ya Ajira na unataka kwenda Mahakama ya Rufaa, ilani ya rufaa inaingia ndani ya siku 14. Siku 14 ni wiki mbili tu, ukilia wiki ya kwanza na kutafuta wakili wiki ya pili zimeisha. Ingiza ilani kwanza, lipia, chukua risiti, alafu ndio ukae chini uandike mambo ya JSC.

Na kama kesi bado inaendelea na unaona jaji ana upande, kuna kuomba ajitoe kwa kesi. Ombi linaenda kwa jaji huyo huyo, najua inasikika vibaya, lakini ndio utaratibu, na akikataa lazima aseme sababu na hizo sababu zinabaki kwa kumbukumbu. Mtu akisoma baadaye malalamishi yako aone ulisema mapema, sio baada ya kushindwa.

Hatua ya 4: Kama shida ni hukumu kuchelewa

Hii ndio yetu. Kanuni za Mashauri ya Madai, Amri ya 21, zinasema hukumu isomwe pale pale ama ndani ya siku 60 baada ya kesi kumalizika kusikizwa. Zikipita, jaji anatakiwa aandike sababu, nakala iende kwa Jaji Mkuu, na apange tarehe mara moja. Sisi hatukujua hiyo, wakili wetu hakuwahi kututajia, tulikuwa tunaenda tu tunarudi.

Fanya hivi. Andika barua fupi kwa naibu msajili wa ile korti, taja namba ya kesi, tarehe kesi ilimalizika kusikizwa, na kila tarehe hukumu ilipangwa ikakosa. Omba tarehe. Ngoja wiki mbili. Hakuna jibu, andika kwa jaji msimamizi wa kituo ama kitengo hicho, nakala kwa Ombudsman wa Mahakama, na uambatanishe ile barua ya kwanza yenye muhuri. Muhuri ndio kila kitu. Usiache barua kwa dirisha ukaenda, simama hapo mpaka nakala yako igongwe muhuri wa tarehe.

Siku tulipeleka, kijana wa rejista aliangalia barua akamwambia shangazi, "Mama, hii si ungeiacha tu hapo, nitaiweka kwa faili." Akamjibu pole pole, "Kijana wangu, nimetoka Umoja saa kumi na moja. Gonga muhuri kwa hii yangu, alafu hiyo yako uiweke popote unataka." Akagonga.

Hatua ya 5: Kusanya ushahidi kabla ya kuandika neno

Nunua daftari leo kama huna. Andika siku hiyo hiyo, sio wiki ijayo, ju maneno yanabadilika kichwani bila wewe kujua. Usiandike "alikuwa na dharau". Andika maneno yenyewe aliyosema, na nani mwingine alisikia.

Alafu tafuta karatasi. Omba kumbukumbu za mwenendo wa kesi zilizochapwa na kuthibitishwa, unalipia ada, inachukua muda kwa hivyo omba mapema. Hukumu na maamuzi mengi yako bure kwa tovuti ya Kenya Law, tafuta namba ya kesi yako, usibabaishwe na mtu anataka elfu mbili akupigie printi. Orodha za kesi za kila siku nazo huwekwa mtandaoni, hifadhi ile ya siku yako, ju inaonyesha kesi ilikuwa imepangwa mbele ya nani. Jumbe za simu usifute. Piga skrinshoti inayoonyesha namba na tarehe, na simu yenyewe uitunze.

Mashahidi wa macho ni wa maana kuliko vile watu hufikiria. Yule mama alikuwa amekaa bench moja na wewe akingoja kesi yake, muombe namba siku hiyo hiyo.

Kuhusu hongo niseme wazi. Mara nyingi anayekuambia "jaji anataka laki tatu" hajawahi hata kuongea na jaji, ni bwana wa kona anakula jina la mtu. Usilipe ndio upate ushahidi, ju chini ya Sheria ya Hongo ya 2016 anayetoa ni mkosaji sawa na anayepokea, na utakuwa umejifunga mwenyewe. Nenda EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, pale Integrity Centre kabla pesa haijatoka mfukoni mwako, hao ndio wana uwezo wa kisheria wa kufuatilia na kukamata, alafu malalamishi ya JSC yaende sambamba.

Hatua ya 6: Andika petisheni yenyewe

Katiba inasema mtu yeyote anaweza. Si lazima uwe wakili, si lazima uwe kwa hiyo kesi, na Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii kwa kifungu cha 7, kwa hivyo kama mawazo yako yanatoka vizuri kwa Kiswahili andika Kiswahili. Masharti ni iwe kwa maandishi na iseme mambo yaliyotokea ambayo ndiyo sababu ya kuomba aondolewe. Wakili akikusaidia ni vizuri lakini soma kila mstari kabla ya kusaini.

Anza na wewe ni nani na anwani yako, jaji ni nani na korti gani, namba ya kesi, kama kuna rufaa inaendelea sema. Kisha mambo yaliyotokea kwa mpangilio wa tarehe, kila aya tukio moja na namba yake. Kisha sema ni sababu gani kati ya zile tano. Kisha orodha ya viambatanisho.

Angalia tofauti. Barua yetu ya kwanza ilikuwa na mstari kama huu:

"Huyu jaji ni mfisadi anajulikana, amekuwa akitunyanyasa sisi wanyonge na kila mtu kortini anajua alishanunuliwa."

Huwezi kuuchunguza huo mstari. Nani anajulikana, na nani, alinunuliwa lini, na bei gani? Sasa angalia huu, ni mfano tu nimetunga:

"Tarehe 14 Machi 2023 kama saa nne na nusu asubuhi, kesi ikiwa imeitwa, jaji aliniambia mbele ya watu, 'Nyinyi watu wa huko mnapenda kuzaa na kugawana mashamba.' Wakili wangu alisimama akalalamika. Aliyekuwa amekaa nyuma yangu alisikia na ameandika kiapo chake, kiambatanisho cha 3."

Huu una siku, una saa, una maneno, una shahidi. Mtu wa tume akiusoma anajua aulize nani nini. Na jaji naye anapata kitu cha kujibu, ambayo ni haki yake, ju kuna majaji wazuri wanaosingiziwa na hao pia wanahitaji sheria iwalinde.

Tia kila kitu kwa hati ya kiapo, uape mbele ya kamishna wa viapo. Kiapo kinaonyesha uko tayari kusimama na maneno yako, na kinakuzuia pia wewe mwenyewe usiandike kitu hujaona. Kama kitu umeambiwa na mtu mwingine sema umeambiwa na nani. Kama huna uhakika na tarehe andika "katikati ya mwezi wa sita", usibuni tarehe, ju uongo mdogo mmoja ukishikwa unaangusha ukweli wote.

Hatua ya 7: Peleka, na unyamaze mitandaoni

Petisheni inaelekezwa kwa katibu wa JSC, ambaye ni Msajili Mkuu wa Mahakama. Angalia tovuti ya tume, jsc.go.ke, uone ofisi iko wapi siku hiyo na imeili ya kutumia. Peleka kwa mkono na kwa imeili pia. Tengeneza seti tatu, moja yao, moja yako yenye muhuri, na moja ukae nayo kwa nyumba ya mtu mwingine. Najua fotokopi inakula pesa lakini nimeona nyumba ikiungua na karatasi zote zikaenda.

Alafu usiweke petisheni Facebook. Maneno uliyopeleka kwa tume kwa nia njema sheria inayapa kinga fulani, ni malalamishi kwa mamlaka inayohusika. Maneno hayo hayo ukiyamwaga mtandaoni unaweza kushtakiwa kwa kuchafua jina, na kama kesi bado inaendelea unaweza kuitwa kwa kudharau korti. Kuna watu watakutajia ile ya Jaji Said Chitembwe, ambapo aliyekuwa gavana wa hapa Nairobi Mike Sonko aliweka video mitandaoni 2021 na mwisho wake jopo likapendekeza jaji aondolewe na Mahakama ya Juu ikakataa rufaa yake. Ni kweli. Lakini kilichomwondoa ni ushahidi uliopimwa mbele ya jopo, mashahidi wakahojiwa, sio idadi ya watu walioshea.

Hatua ya 8: Kinachofanyika ndani, na muda wake

Tume ina watu kumi na mmoja. Jaji Mkuu ndiye mwenyekiti, kuna jaji kutoka Mahakama ya Juu, wa Rufaa, wa Mahakama Kuu, hakimu, Mwanasheria Mkuu, mawakili wawili, mmoja wa kutoka Tume ya Utumishi wa Umma, na wawili wanaowakilisha umma, mwanamke na mwanaume, ambao si wanasheria. Petisheni inasajiliwa, jaji anatumiwa nakala ajibu, tume inapima. Unaweza kuitwa ueleze zaidi, na ukiitwa nenda na ile daftari.

Swali lao hapo si kama jaji ana hatia. Swali ni kama petisheni inaonyesha sababu ya kumwondoa. Wakiridhika wanaituma kwa Rais, na Rais ana siku 14 kumsimamisha jaji na kuunda jopo kulingana na mapendekezo ya tume. Rais hachagui kama atafanya ama hatafanya. Kutoka hapo mshahara wa jaji unakuwa nusu mpaka mambo yaishe. Jopo lina watu saba, mwenyekiti na watatu wenye sifa za ujaji, wakili mmoja wa miaka 15 kwa kazi, na wawili wenye uzoefu wa mambo ya umma. Kama anayechunguzwa ni Jaji Mkuu mwenyewe basi Spika wa Bunge la Taifa ndiye anaongoza. Mapendekezo ya jopo yanamfunga Rais, na jaji asiyeridhika ana siku kumi kukata rufaa Mahakama ya Juu.

Muda sasa. Jiandae kwa miaka, sio miezi. Jaji Joseph Mutava alisimamishwa 2013, na Mahakama ya Juu ikamaliza rufaa yake 2019. Na wakati mwingine haifiki mwisho kabisa. Jaji Philip Tunoi wa Mahakama ya Juu alitajwa 2016 kwa madai ya hongo ya dola milioni 2 kuhusu kesi ya uchaguzi wa ugavana wa Nairobi, jopo likaundwa, lakini katikati korti ikaamua umri wa kustaafu ni miaka 70 na yeye alikuwa amepita, akatoka, jopo likakosa mtu wa kumchunguza. Hatukuwahi kujua kama alikuwa na hatia ama hakuwa nayo, na hiyo si haki kwa umma wala kwake. Pia korti inaweza kuisimamisha tume yenyewe, kama Februari 2025 Mahakama Kuu ilivyozuia JSC kuendelea na petisheni dhidi ya majaji wa Mahakama ya Juu.

Hatua ya 9: Wakinyamaza, ama wakikukatalia

Kimya kikizidi, usiandike petisheni mpya. Andika barua ya kuulizia chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, uliza petisheni namba fulani imefika wapi. Wana siku 21 kukujibu. Ukikataliwa omba sababu kwa maandishi, kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa hiyo haki, na kama unaona tume haikufuata utaratibu unaweza kwenda Mahakama Kuu iangalie venye waliamua. Hapo sasa tafuta wakili kweli kweli.

Ukikataliwa kwa sababu eti ni mambo ya rufaa, soma petisheni yako tena na macho mapya kabla hujakasirika. Inaeza kuwa ni kweli. Inaeza pia kuwa ile kurasa mbili yenye uzito imezikwa tena kwa thelathini na nane.

Yetu haikufika JSC mara ya pili. Ile barua kwa jaji msimamizi ilijibiwa wiki ya tatu, tarehe ikapangwa, na hukumu ikasomwa kwa video asubuhi moja shangazi akiwa amekaa jikoni na simu imeegemezwa kwa sufuria. Ilichukua dakika tisa. Alipata ekari moja na nusu, ile ingine akakosa. Simu ilipokatika hakusema kitu, alifungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe ya siku hiyo juu, alafu akahesabu kwa vidole siku 14 na akaandika ya mwisho chini yake na kalamu nyekundu.